Sura ya Tatu: Udongo, Mafunjo na Ngozi

Katika Makumbusho ya Uingereza, mjini London, kimo kibao cha udongo kisichozidi kiganja cha mtu mzima, urefu wake kadiri ya sentimita 12 na upana wake sentimita 5, ambacho juu yake tajiri mmoja wa zamani za Babeli, jina lake Nanni, alimwandikia mfanyabiashara Ea-nasir wa mji wa Uru, yapata mwaka 1750 kabla ya Masihi, maneno makali ya kumlaumu kwamba alimwahidi shaba safi akamtolea hafifu, kwamba wajumbe waliotumwa kudai fedha walirudishwa mikono mitupu, tena baada ya kupita katika nchi ya adui, na kwamba tokea siku ile shaba yoyote itakayoletwa ataikagua mwenyewe nyumbani kwake, kipande kwa kipande, na asiyoiridhia ataikataa. Huo ni ugomvi mdogo wa sokoni, wa namna isiyokosekana siku hata moja Kariakoo au Darajani. Lakini tunaujua kwa tafsili baada ya miaka zaidi ya 3,700, ilhali katika vitabu vya maktaba kuu ya Iskandaria, iliyoasisiwa na wafalme na kusifiwa na kila mwenye elimu, hapana hata jani moja lililotufikia ambalo mtu aweza kulishika akasema kwa yakini kwamba lilitoka humo. Mwenye kutafuta sababu ya jambo hili asiitafute katika elimu ya watu wala katika busara ya watunzaji wa vitabu; aitafute katika kitu chenyewe walichoandikia, na katika adui wa kitu hicho. Kwani kila kitu ambacho binadamu amepata kukiandikia kina adui wake, na tarehe ya kale tunayoisoma leo, kwa sehemu kubwa kuliko tunavyopenda kukiri, ni yale masazo yaliyoachwa na maadui hao.

Udongo ndio uliotangulia. Nchi iliyo baina ya mito ya Dijla na Furati haina mawe mengi wala misitu ya maana, bali ina udongo wa mfinyanzi usiokwisha na matete yasiyohesabika, na kwa vitu hivi viwili vilivyokuwa chini ya miguu ya kila mtu, waandishi wa mji wa Uruk, yapata mwaka 3300 kabla ya Masihi, walianza kuweka hesabu za shayiri, kondoo na pombe. Mwanzoni walichora sura za vitu, lakini ncha ya tete ikikokotwa juu ya udongo mbichi hukusanya makombo pembeni na kuuharibu mstari, hasa mstari wa mviringo. Kwa hiyo kidogo kidogo wakaacha kukokota wakawa wanagandamiza, wakilichonga tete liwe na pembe kali na kulididimiza kwa mshazari, nalo likaacha alama yenye kichwa kipana na mkia mwembamba. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mwandiko wa kikabari, uliotumiwa kwa muda wa miaka 3,000 hivi kuandikia lugha nyingi zisizo na udugu wowote baina yao. Na umbo lake hilo lilitokana na tabia ya udongo zaidi kuliko fikira za mtu yeyote.

Kazi hii ilikuwa na masharti yake. Ilimpasa mwandishi amalize alilo nalo kabla kibao hakijakauka, maana udongo mkavu hauongezwi neno wala haupunguzwi. Barua ikiwa ya siri au ya daraja kubwa ilivikwa ganda jembamba la udongo mwingine, juu yake likatajwa jina la mpelekewa na kupigwa muhuri, na hakuna aliyeweza kuisoma ila kwa kulivunja ganda lile. Mikataba ya mikopo na mauzo ilifanyiwa ihtiyati zaidi, kwani maneno yake yaliandikwa mara mbili, ndani juu ya kibao na nje juu ya ganda, ili wenye shauri wakija kugombana, ganda lipasuliwe mbele ya kadhi na maneno ya nje yalinganishwe na ya ndani, ambayo mkono wa mtu haukuweza kuyafikia tangu siku ile ya mapatano. Sioni kwamba makarani wa zama zetu, pamoja na mihuri yao yote, wamebuni kinga ya kughushi iliyo rahisi na ya hakika kuliko hiyo. Ama vibao vya wanafunzi, vilivyojaa makosa ya mikono isiyozoea, vilirudishwa majini vikakandwa upya, na vingine vikapata kazi nyingine kabisa: katika mji wa Nippur wachimbaji walikuta nyumba iliyokuwa chuo, ambamo mazoezi ya watoto yalikuwa yametumika kujengea, yakishindiliwa sakafuni pamoja na kifusi, na kwa sababu ya dharau hiyo ndiyo maana leo tunajua mtoto wa Kisumeri alianza kujifunza neno gani na akafuata lipi.

Adui wa udongo ni maji. Moto, ambao ni msiba wa maktaba zote nyingine, kwa udongo ni tanuri. Mwaka 612 kabla ya Masihi majeshi ya Babeli na ya Wamedi waliuteka mji wa Ninawi wakauchoma pamoja na jumba la mfalme Ashurbanipal, aliyekuwa amekwisha kufa, na ambaye alipokuwa hai alijisifu, kinyume cha desturi ya wafalme, kwamba anajua kusoma, akatuma watu katika miji ya Babeli kumtafutia maandishi ya kale na kumnakilia. Waliouchoma walidhani wanaangamiza, kumbe wanaoka. Katikati ya karne ya 19 Austen Henry Layard, na baada yake Hormuzd Rassam, mzaliwa wa Mosul, walipochimba mahali pale walitoa vibao na vipande vya vibao vipatavyo 30,000, na katika hivyo ndimo George Smith, mwaka 1872, alimoisoma habari ya gharika kuu iliyoandikwa kale sana kabla ya vitabu vya Mayahudi kukusanywa. Lakini lipo jambo ambalo wasimulizi wengi huliruka: orodha za maktaba ile ile zataja pia mbao za kuandikia zilizopakwa nta, nazo zilikuwa nyingi, na katika hizo moto haukusaza hata moja. Tungalikuwa hatuna hata picha yake akilini lau mwaka 1953 wachimbaji wa Nimrud wasingalitoa kisimani mbao za namna hiyo, za pembe za ndovu na za mti wa mjozi, zilizofungamanishwa kwa bawaba na kuhifadhiwa na tope la kisima. Basi hata katika maktaba moja, usiku mmoja, moto ule ule uliwapa uzima waandishi wa udongo na kuwafuta waandishi wa nta, na katika sisi hakuna awezaye kusema ni kundi lipi lililokuwa na maneno bora.

Mawe nitayapita upesi. Mawe ni ya wafalme, na mfalme akiandika juu ya jiwe aghalabu husema mambo mawili tu, ushindi wake na ucha Mungu wake, naye husema kwa ufupi kwa kuwa patasi huchosha. Hata hivyo sisi wa pwani hatuna haki ya kuyadharau, madhali unyevu wetu na mchwa wetu havikutubakishia cha kale sana ila kilichochongwa: msikiti wa Kizimkazi, kusini ya Unguja, una maandishi ya khati ya Kufi yaliyokatwa katika matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa Masihi, na hapana waraka wa wino ulioandikwa katika pwani hii unaoukaribia umri huo.

Mafunjo ni habari nyingine, tena habari iliyo karibu nasi kuliko tunavyodhani, kwa sababu mmea wenyewe si mgeni. Mtu aliyepita kandokando ya Ziwa Nyanza, au aliyevuka mabonde ya Uganda na Rwanda, amekwisha kuuona: shina la pembe tatu lisilo na kifundo, refu kupita watu wawili waliopandana mabegani, na juu yake shungi la nyuzi za kijani lisilotulia kwa upepo. Watu wa huko huukata wakaezekea na kufumia mikeka. Wamisri, waliokaa chini ya maji hayo hayo yanayoteremka kwenda Bahari ya Kati, waliukata wakaandikia dunia nzima. Fundi alilimenya ganda la nje, akaupasua moyo mweupe wa shina kwa urefu kuwa kanda nyembamba, akazipanga kanda hizo ubavu kwa ubavu juu ya ubao uliolowanishwa, kisha akalaza juu yake safu ya pili iliyozikata za kwanza, akazigandamiza pamoja hata utomvu wa mmea wenyewe ukazishikamanisha, akaanika juani, na mwishoni akasugua kwa pembe au kwa kombe la pwani mpaka uso ukawa laini wa kupokea wino. Majani hayo, kwa kawaida 20, yaliunganishwa kwa gundi yakawa msokoto mmoja, na huo ndio uliouzwa dukani. Mwenye haja ya waraka mfupi alikatiwa kipande, na mwenye kitabu kirefu aliongezewa. Wino ulikuwa wa masizi na ulimbo, na mwanzo wa kila fungu uliandikwa kwa wekundu wa udongo wa ngeu.

Maandishi ya mafunjo yaliyo ya kale kabisa katika yale yajulikanayo yalionekana mwaka 2013 huko Wadi al-Jarf, kwenye ufuo wa Bahari ya Sham, na Mfaransa Pierre Tallet na wenziwe, mbele ya mapango yaliyokuwa ghala za mabaharia. Mna humo daftari ya kazi ya nahodha mmoja aliyeitwa Merer, aliyeandika siku kwa siku, katika mwisho wa enzi ya Firauni Khufu, miaka 4,500 hivi iliyopita, jinsi yeye na watu wake walivyopakia mawe ya chokaa Tura, wakavuka nayo kwa mashua, wakayashusha Giza, wakarudi kupakia mengine. Hasimulii ajabu ya piramidi wala hamsifu mtu. Ahesabu safari zake na posho ya watu wake. Laiti angalijua kwamba katika wote waliolijenga jengo lile kubwa ni yeye peke yake atakayesikika akisema kwa wino wake, yamkini angaliongeza neno.

Jangwa ndilo lililomtunza, kwa kuwa mafunjo adui wake ni unyevu, na yakiwekwa mahali pasiponyesha hayana mwisho. Ndiyo maana Iskandaria, iliyo kwenye delta na kando ya bahari, haikutuachia kitu, na ndiyo maana Waingereza wawili, Bernard Grenfell na Arthur Hunt, walipoanza mwishoni mwa 1896 kuchimba majaa ya mji wa Oxyrhynchus, mahali paitwapo leo al-Bahnasa, kadiri ya kilomita 160 kusini ya Kairo, walikuta takataka za mji wa mkoani ziko pale pale zilipomwagwa: stakabadhi za kodi, barua za mama kwa mwana, mikataba ya ndoa, hesabu za mvinyo, na katikati ya taka hizo tungo za mshairi Sappho ambazo dunia ilikuwa imekwisha kukata tamaa nazo. Vipande vyote hupata nusu milioni, na wataalamu wangali wakivisoma hata leo. Aliyevitupa kwenye vikapu akavimwaga jaani amewahudumia maulamaa kuliko wafalme Mabatlimusi na maktaba yao ya Iskandaria. Na mimi, kila nikiifikiri bahati hiyo, huona haya kidogo kwa ajili ya sisi tunaojivunia kabati za vioo.

Asiyemudu bei ya mafunjo aliokota kigae. Vyungu huvunjika kila nyumba, na gae lake halina bei, kwa hiyo Misri na Uyunani zimejaa vigae vyenye wino au michoro ya ncha ya chuma. Na mjini Athens, ambako raia kila mwaka waliweza kupiga kura ya kumfukuza mtu mmoja mji kwa miaka 10, kura yenyewe ilikuwa kuandika jina lake juu ya gae. Mwaka 1937, katika kisima kilichoko ubavuni mwa kilima cha Akropoli, vilionekana vigae 190 vyenye jina la Themistocles, yule jemadari aliyewashinda Waajemi baharini, na wajuzi wa khati walipoviangalia kwa makini wakaona kwamba vyote vile viliandikwa na mikono 14 tu. Kumbe palikuwa na watu waliotayarisha kura mapema ili kuwagawia wenzao, ama kwa kuwasaidia wasiojua kuandika, ama kwa nia ambayo wapiga kura wa zama hizi hawahitaji kuelezwa.

Ngozi nayo ilikuwa ikiandikiwa tangu kale sana, ingawa Warumi walipenda kusimulia kisa cha kwamba mfalme wa Misri, kwa wivu wa maktaba ya mji wa Pergamon katika Asia Ndogo, alikataza mafunjo yasipelekwe huko, na watu wa Pergamon wakabuni ngozi ya kuandikia kwa kukosa hila nyingine. Kisa ni kizuri kuliko ushahidi wake. Ila yawezekana kuwa mafundi wa mji ule walikamilisha sanaa ambayo wengine waliifanya nusu nusu. Ngozi ya mbuzi, kondoo au ndama ililoweshwa katika maji ya chokaa mpaka nywele zikalegea, ikakwanguliwa, ikatandazwa juu ya fremu na kukazwa kwa kamba, ikakwanguliwa tena ingali imekazwa, ikaachwa ikauke hivyo hivyo bila kudabaghiwa, na kwa kukauka katika mvuto huo ikawa nyeupe, nyororo na yenye kuandikika pande zote mbili. Fauka ya hayo hukunjwa isikatike, jambo ambalo huyavunja mafunjo, na kwa hiyo ndiyo iliyokifaa zaidi kitabu cha kurasa kilipouondoa msokoto. Bei yake lakini ilikuwa kilio: Biblia moja ya Kilatini iliyoandikwa Uingereza katika mwanzo wa karne ya 8, inayojulikana kwa jina la Codex Amiatinus na iliyoko sasa mjini Florence, ina majani zaidi ya 1,000, nayo yakadiriwa kuwa ilitaka ngozi za ndama wapatao 500.

Kutokana na ughali huo akazaliwa adui wa pekee wa ngozi, yaani kisu cha mwandishi mwingine. Karani mwenye shida ya ngozi alitwaa kitabu kisichokuwa na msomaji, akakifungua, akaukwangua na kuusugua wino wa zamani, akaandika yake juu. Katika karne ya 13 mtu mmoja alikifanyia hivyo kitabu chenye maandiko ya Archimedes, akakigeuza kuwa kitabu cha sala. Na ilikuwa mwaka 1906, huko Konstantinopoli, ndipo mtaalamu wa Kidenmark Johan Ludvig Heiberg alipoitambua hesabu ya Myunani chini ya dua, na ndani yake risala moja ambayo haikupatikana kwingine kokote. Lakini ngozi hiyo hiyo ndiyo iliyotuhifadhia sisi wenyewe habari ya kwanza ndefu ya pwani yetu. Kile kitabu cha safari za Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza na mfanyabiashara wa Misri asiyetaja jina lake, na ambacho ndani yake imetajwa bandari ya Rhapta na pembe za ndovu zilizopakiwa huko, bila shaka kwanza kilikuwa juu ya mafunjo, na mafunjo hayo yameoza zamani. Kilichobaki ni nakala moja ya ngozi ya karne ya 10, iliyoko Heidelberg, Ujerumani, na nyingine ya baadaye iliyotokana nayo. Mnakili mmoja angaliona kwamba Azania, kama kitabu hicho kiitavyo pwani yetu, haina maana kwake, nasi tungalianza tarehe yetu karne nyingi mbele.

Bara Arabu, ambako hapakuwa na mto wa kuotesha mafunjo na ambako ngozi nzuri ilikuwa mali, watu waliandika juu ya kila kinachoandikika. Baada ya vita vya Yamama, walimokufa wengi waliohifadhi Kurani Tukufu, Sayyidna Umar alimshauri Sayyidna Abubakar iandikwe mahali pamoja, na kazi ikapewa Zaid bin Thabit, kijana aliyekuwa akimwandikia Mtume. Na riwaya zinataja aliyoyakusanyia: pongoo za mitende zilizoambuliwa majani, vijiwe vyeupe vyembamba, vipande vya ngozi, mifupa ya mabega ya ngamia, na vifua vya watu. Hili la mwisho ndilo la kuangaliwa. Zaid hakuridhika na maandishi peke yake bila ya aliyehifadhi, wala hakutosheka na hifadhi bila ya maandishi, kwani mfupa huvunjika na hafidh huuawa, lakini ni shida viwili hivyo vipotee siku moja. Sahifa alizozikusanya zilikaa kwa Abubakar, kisha kwa Umar, kisha kwa binti yake Bibi Hafsa. Chuoni kwetu ubao uliofutwa kila somo jipya ulifuata hekima ile ile, mwanafunzi akishakiweka kifuani ndipo huruhusiwa kukifuta. Na kombe, lile linaloandikwa kwa zafarani juu ya sahani kisha likakoshwa kwa maji ya waridi mgonjwa akanywa, ndiyo maandishi pekee niyajuayo ambayo hayamwogopi adui wake, kwa kuwa yeye ndiye anayengojewa.

Kusini mwa Bara Hindi na Ceylon waliandika juu ya majani ya mitende iliyo jamaa ya mvumo wetu, wakiyakwaruza kwa ncha ya chuma, wakayapaka masizi yenye mafuta na kuyafuta, weusi ukabaki katika mikwaruzo. Na husemwa kwamba herufi zao ni za duara kwa sababu mstari ulionyooka hulipasua jani. Wadudu na joto havikuyapa majani hayo maisha marefu, na watu wa huko, kwa kulijua hilo, walifanya kunakili kuwa ibada, kizazi baada ya kizazi. Wachina nao walikuwa na vijiti bapa vya mwanzi vilivyofungwa kwa kamba, vizito mno, na hariri, ghali mno, mpaka mwaka 105, kama tarehe zao zinavyosema, ofisa wa ikulu Cai Lun alipomwonyesha mfalme karatasi iliyofanywa kwa magome ya miti, katani, matambara na nyavu kuukuu.

Ilikaa kwao karne nyingi. Baada ya vita vya Talas baina ya majeshi ya Khalifa na ya Wachina, mwaka 751, ilikuwa imekwisha kufika Samarkandi, na kabla ya karne ile kwisha palikuwa na mafundi wake Baghdad. Mapapa wa Roma waliendelea kutoa hati zao juu ya mafunjo hata karne ya 11, kwa mazoea ya watu wa dini, lakini diwani za Khalifa hazikungoja hivyo. Na Qalqashandi, karani mkubwa wa Misri aliyefariki mwaka 1418, ataja kwamba Harun al-Rashid aliamuru watu wasiandike ila juu ya karatasi, kwa kuwa ngozi yakubali kukwanguliwa na kugeuzwa maneno, lakini karatasi ikifutwa huharibika na ikikwanguliwa huonekana.